KIKOHOZI CHA MHESHIMIWA

Najua ukurasa huu umezoea stori za kutendwa na kuachwa kwenye mataa. Leo sina hiyo. Leo nina stori ya kikohozi. Usifunue haraka kukimbilia michezo, tulia kwanza, hata mimi nilikuwa sidhani kama kikohozi kinaweza kumkosesha mtu ugali.

Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza. Kama umewahi kushuka Mwaloni, pale soko la samaki, basi unazijua kelele zake. Boti zinaingia na dagaa kutoka visiwani, makuli wanapiga miluzi wakitaka njia, wanunuzi kutoka Kongo wanabishana bei kwa Kiswahili chao kitamu, na juu ya yote hayo kuna spika. Kila mfanyabiashara mjanja ana kipaza sauti kinachorudia tangazo lile lile toka asubuhi mpaka jua linazama ziwani. Sasa zile sauti hazijirekodi zenyewe jamani! Kuna kipindi nyingi zilikuwa zangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, matokeo tuyaruke, na toka hapo mdomo ndio ukawa jembe langu. Tangazo la kawaida elfu tano. Ukitaka niigize sauti ya mtu, elfu kumi.

Na hapo kwenye kuigiza ndipo nilipokuwa noma. Kondakta wa daladala ya Pasiansi, mchungaji anayekemea pepo, bibi wa Kisukuma anayekataa kulipia choo, wote walikuwa kooni mwangu. Washkaji walikuwa wananinunulia soda kijiweni ili niwaige wazazi wao.

Ugonjwa huu niliupata kwenye kibanda umiza. Ilikuwa mwaka 2010, nikiwa darasa la tano. Dereva mmoja wa basi alileta CD kutoka Kisumu, na mwenye kibanda, ambaye alikuwa haulizi, alikuwa anaweka tu, akaiweka. Sisi tumekaa mkao wa kula tukijua ni picha la Kichina. Kumbe taarifa ya habari! Mtangazaji ni mwanasesere, kichwa kikubwa kama tikiti, sauti nzito ya kujidai, eti anaitwa Keff Joinange. Baadaye ndio nilijua kuwa Wakenya wana mtangazaji wao wa kweli, Jeff Koinange, na jamaa walikuwa wanamchokoza. Mara akatokea Rais Kibaki, mwanasesere. Mara Waziri Mkuu Raila, mwanasesere. Wanabishana kama watoto wanaogombea mpira.

Kwa umri wangu nusu ya utani sikuuelewa, Kiingereza kingi, Sheng nyingi. Ila kuna kitu kimoja nilikielewa vizuri sana. Rais anachekwa, na televisheni haizimwi.

Mzee mmoja fundi viatu, aliyekuwa anakuja kule kuzuga tu apate kivuli, akauliza kwa sauti, “Na wa kwetu wako wapi?”

Mwenye kibanda akamjibu, “Wa kwetu hawajatengenezwa, mzee.” Halafu akaongeza, “Na anayewatengeneza hao ni Mtanzania. Mtoto wa Dar.”

Hakuna aliyemwamini. Jamaa alikuwa na sifa ya kuchonga, aliwahi kutuambia Rambo ana shangazi Bukoba. Lakini safari hii, msomaji wangu, alisema kweli tupu.

Jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na dunia inamjua kwa jina la Gado. Alianza kupeleka katuni kwenye magazeti ya Bongo akiwa bado kijana mdogo, akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo, akakiacha. Hebu fikiria kasheshe nyumbani! Mtoto yuko chuoni, kesho atakuwa msanifu mwenye ofisi na gari, anasema naenda Nairobi kuchora watu wenye pua kubwa. Mwaka 1992 akaajiriwa na gazeti la Nation kule Kenya, akavuka mpaka.

Halafu kuna kitu ambacho kilinichekesha nilipokipigia hesabu. Mwaka huo wa 1992 Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wazanzibari walikuwa nayo toka miaka ya sabini, wana raha zao, sisi wa Bara tukaanza kupata vituo mwaka 1994. Kwa hiyo huyu bwana, ambaye baadaye aliwafanya marais waongee upuuzi kwenye televisheni, aliondoka nyumbani kabla televisheni yenyewe haijafika!

Nairobi nako hakukuwa lelemama. Moi alikuwa madarakani toka 1978, na mwaka 1992 ndio kwanza Kenya inaingia kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Sura ya rais haikuwa kitu cha kuchezea. Simulizi ya wachoraji wa kule, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni kwamba hawakuanza na sura. Walianza na mkono tu ulioshika rungu, lile rungu lake alilokuwa anatembea nalo kila mahali. Msomaji anauona mkono, anajua. Hakuna kilichotokea? Haya, safari nyingine mgongo. Kimya? Haya, sikio. Hivyo hivyo, kiduchu kiduchu, mpaka siku moja mzee mzima yuko ukurasani, na jua limechomoza kama kawaida.

Gado akawa jina. Lakini kichwani mwake kulikuwa na kitu kingine. Waingereza walikuwa na kipindi kinaitwa Spitting Image, kilianza 1984, wanasesere wa mpira wenye sura za akina Thatcher na familia ya kifalme. Wafaransa nao wakaja na chao mwaka 1988, Les Guignols. Huyo wa Ufaransa ndiye aliyemkamata Gado. Mwaka 2000 alikuwa Vancouver, Kanada, akisomea katuni za kutembea na utengenezaji wa filamu. Akarudi, na kwa miaka akahangaika na wazo lake. Kipindi kama hicho kinakula mapene ile mbaya. Kichwa kimoja kinafinyangwa kwanza kwa udongo, kinatolewa kwa mpira, kinapakwa rangi, kinatiwa macho yanayogeuka. Halafu chini yake kuna mtu amejikunja, mikono juu, anatoka jasho, wewe humwoni. Na anayetoa sauti ni mwingine kabisa. Mheshimiwa mmoja, kumbe kundi la watu!

Mwezi wa 5 mwaka 2009, The XYZ Show ikaonekana kwenye Citizen TV. Na mwaka mmoja baadaye ikafika Kirumba ndani ya mfuko wa shati la dereva.

Utaniambia, kijana, mbona na sisi tulikuwa na Ze Comedy? Nawakubali mpaka kesho. Akina Joti na Masanja walitufanya watoto wa Mwanza tukimbie kuoga mapema siku ya kipindi, kuanzia EATV mpaka walipohamia TBC mwaka 2008. Lakini mwanasesere mwenye sura ya rais wetu, amekaa sebuleni mwetu usiku, na baba anacheka bila kugeuka kuangalia dirishani? Huyo mimi sijawahi kumwona.

Basi turudi kwangu. Na mimi nilianza kama wachoraji wa Nairobi, ingawa wakati huo hiyo simulizi nilikuwa siijui. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja wa eneo letu, jina na cheo namhifadhia. Alikuwa na kikohozi. Sio cha ugonjwa, ni cha cheo. Kabla ya kusema lolote lazima akohoe mara mbili, moja fupi, moja ndefu, kama injini ya boti inayokataa kuwaka. Halafu ndio anakuja na wimbo wake wa siku zote, kwamba jambo hili tumelipokea na tunalifanyia kazi. Choo kimejaa? Tumelipokea. Taa hakuna, akina mama wanaibiwa alfajiri? Tunalifanyia kazi.

Nilianza na kile kikohozi tu. Ninakohoa kijiweni, watu wanaanguka chini. Sikutaja jina. Kimya. Nikaongeza kikohozi na neno moja. Kimya. Mwisho wa mwaka 2019 kichwa kikavimba.

Bi mkubwa wangu anauza dagaa. Meza yake ilikuwa mahali pazuri, njiani kabisa, kila anayeingia lazima ampite. Siku hiyo wateja walikuwa wanalalamikia mchanga, unajua tena, dagaa wakianikwa chini wanakuja na mchanga unaokwaruza meno. Mimi nikaona dili. Nikamrekodia tangazo la bure. Kikohozi kifupi, kikohozi kirefu, halafu kwa sauti yake yeye mwenyewe mheshimiwa: “Ndugu wananchi! Suala la mchanga kwenye dagaa tumelipokea... na tunalifanyia kazi! Kwa mama huyu, mchanga umeshahamishwa!”

Weee! Unaambiwa soko lilisimama. Makuli walitua mizigo wacheke vizuri. Mpaka saa sita mchana bi mkubwa alikuwa amemaliza magunia yote, na watu wanakuja kununua ili tu wasikilize tena. Nilijiona Gado mwenyewe.

Kesho yake wakaja vijana wawili. Hawakupiga mtu, hawakutukana. Walichukua spika, wakamwambia mama kwamba ile meza iko njiani, inazuia watu, aipishe. Miaka 11 haikuzuia mtu, leo inazuia! Mama akauliza ahamie wapi. Wakamwambia jambo hilo litafanyiwa kazi.

Wiki tatu alikaa nyumbani. Mvua za mwezi wa 12 zikawakuta dagaa uani, tukawaingiza chumbani, tukawa tunalala nao, na bado wakaoza nusu. Mama hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alikuwa anahesabu tu, kwa sauti ndogo, anaowadai na wanaomdai, halafu anaanza upya.

Nikaenda kuomba msamaha. Nilifika saa 2 asubuhi, nikaitwa saa 8 mchana. Muda wote huo niko kwenye benchi, na ndani namsikia anakohoa. Nilipoingia nikampa shikamoo, nikainamisha kichwa, nikasema yale yanayosemwa. Akanitazama weee. “Kijana, una kipaji,” akasema. “Sasa kitumie vizuri. Futa.” Nikatoa simu, nikafuta tangazo mbele yake kwa kidole changu mwenyewe. Akataka aione ile sehemu kwamba haipo tena, nikamwonyesha. Kisha nikasema asante. Hiyo asante, msomaji wangu, mpaka leo inanikaa kooni kama mwiba wa furu.

Mama alirudi sokoni, lakini siyo pale. Alipewa sehemu ya nyuma, karibu na mtaro.

Sasa nikiwa nyumbani sina tangazo hata moja, maana wateja wangu wote walijikausha kama hawanijui, ndio nikaanza kumsoma Gado kwenye simu. Nilikuwa natafuta mahali alipoponea. Nilidhani kuvuka mpaka ndio dawa.

Kumbe mwenzangu naye yalimkuta. Januari 2015 alichora katuni kwenye gazeti la The EastAfrican. Rais wetu wa wakati huo, Mzee Kikwete, amejilaza kama mfalme wa Kirumi wa zamani, anahudumiwa na akina dada, na kila dada ana jina la uovu wake, rushwa akiwemo. Siwezi kusema kama ilikuwa katuni ya adabu. Mimi mwenyewe nilipoiona niligeuza simu chini mama asinichungulie. Mwezi huo huo The EastAfrican likapigwa marufuku Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba gazeti halijasajiliwa nchini. Lilikuwa limeuzwa hapa miaka kama 20, ndio kwanza usajili unakumbukwa! Nikakumbuka meza ya mama iliyogeuka kuwa njiani.

Na hapo ndipo nilipokwama. Aliyechora alikuwa Nairobi, kalala kwake. Aliyekosa gazeti la kuuza ni muuzaji wa Dar, wa Arusha, wa hapa Mwanza, ambaye kalamu hajawahi kuishika. Waandishi wa hapa nchini waliokuwa wanaliandikia, nao wakakaa. Sijui kama Gado aliwawaza. Mimi wangu nilikuwa namwona kila siku, anarudi na ndoo kichwani kutoka mtaroni.

Naye hakubaki salama. Alipewa likizo ya mwaka mzima, na mwaka 2016 alipotaka kurudi mkataba haukuendelezwa. Miaka zaidi ya 20 kwenye gazeti lile lile, ikaishia hapo. Mwaka huo huo, Mei, akiwa pamoja na mchoraji wa Malaysia anayeitwa Zunar, akatunzwa tuzo ya kimataifa ya katuni kule Geneva, na Kofi Annan. Dunia inakupa tuzo wakati huna dawati! Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikaacha kucheka.

Ikafika Mei 2020. Idris Sultan, yule kijana aliyetutoa kimasomaso kwa kushinda Big Brother mwaka 2014, mchekeshaji na mtangazaji wa redio, akakamatwa. Mwaka uliotangulia alishaitwa polisi kwa kubandika sura yake kwenye picha ya Rais Magufuli siku ya kuzaliwa ya rais. Safari hii alikuwa amejirekodi anaangalia picha ya zamani ya rais akiwa kavaa suti pana, anacheka. Hakutukana, hakusema neno la maana. Anacheka tu, ha ha ha, mwanzo mpaka mwisho. Akakaa ndani siku kadhaa, na alipofikishwa mahakamani shtaka halikuwa la kucheka. Lilikuwa la laini ya simu! Gazeti, usajili. Mchekeshaji, laini. Meza, njia. Nikamwambia mama. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua hata uso. Akasema, “Huyo naye mama yake anauza nini?”

Sikuwa na jibu.

Nilikaa karibu miaka miwili bila kumwiga mtu. Nilibeba mizigo, nikauza vocha, nikapiga deiwaka kwenye boti. Baadaye nikarudi taratibu kupitia harusi, nikawa mshereheshaji, natania mashemeji na mawifi ambao hawana vijana wa kuwatuma. Na mheshimiwa kumbe naye mambo yalimgeukia, hakurudi kwenye nafasi yake. Nikawa nakutana naye anapanda daladala kama sisi.

Sasa sikia hii. Mwaka jana nilikuwa naongoza shughuli ya send-off hapa hapa Kirumba. Ukumbi umejaa, na yeye yumo, meza ya tatu, suti ile ile. Nikamtaja kwa heshima zote kama mzee wetu. Katikati ya chakula akaja mtoto na kikaratasi kimekunjwa, ndani yake noti ya elfu kumi na maneno manne kwa kalamu ya bluu: Fanya ile sauti yangu.

Mkono ulinitetemeka, sikufichi. Nikamtazama. Akatikisa kichwa, endelea. Nikaushika mkuki wa kipaza sauti, nikakohoa. Kifupi, kirefu.

Ukumbi mzima ulilipuka! Kumbe hakuna aliyesahau. Watu walikuwa wanapiga meza na vijiko. Na yeye, msomaji wangu, alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta machozi, anampigapiga jirani yake begani, “Ndiye mimi huyo! Ndiye mimi!” Mama alikuwepo, upande wa akina mama waliokuwa wanapakua. Nilimwona anaweka mwiko chini, anatoka nje.

Usiku tukarudi kwa miguu. Alikuwa kimya mpaka tulipofika mlangoni.

“Alicheka?”

“Alicheka sana, mama.”

“Na meza hakusema?”

“Hakusema.”

Nikampa ile elfu kumi. Akaifunga kwenye pindo la kanga. Akafungua mlango, akawasha taa, akakaa kitandani kuvua viatu.

“Hebu kohoa nikusikie.”

Nikakohoa. Kifupi, kirefu.

“Siyo hivyo,” akasema. “Wewe unaanzia kooni. Yeye anaanzia huku.” Akaweka kiganja kifuani, akanyoosha mgongo, akakohoa mara mbili. Kisha akasema taratibu kabisa, bila kucheka, kwamba jambo hili tumelipokea.

Haki ya Mungu, kama ningekuwa nje ya dirisha ningesimama nimpe shikamoo. Alikuwa ni mheshimiwa mtupu!